Bunduki Tano za Mama Kathure

Vijana wangu wa Nchiru, mliniuliza swali fupi, na mimi sijui kujibu kwa ufupi. Mlisema mmeunda klabu ya kulenga shabaha hapo chuoni, mwalimu wenu wa michezo ameshaanza kufuatilia kibali, na mnatafuta bunduki mbili za upepo, zile za springi, ambazo hazitamaliza mchango wenu wote. Mkataka niwatajie kampuni. Kampuni sitataja. Kampuni huhama kiwanda, hubadilisha chuma, hubaki na jina tu. Nitawaeleza jinsi ya kuishika bunduki mkononi na kuijua, na nitawaeleza pia jinsi mimi mwenyewe nilivyokosa kuijua, mama wa watu akaitwa mwizi mbele ya umati.

Mimi ni Njeru wa Kanja, kule Embu. Siku hizi nachuma majani chai yangu machache na kuchunga ng'ombe wawili, lakini maisha yangu ya kazi yote niliyamalizia Meru mjini, nyuma ya duka lililouza bunduki zenye leseni, ndoano za samaki na mabuti ya mvua. Huko nyuma kulikuwa na meza ya ufundi, na kwenye meza hiyo alikaa Mzee M'Ikiara, aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Tigania, mrefu, mkimya, na kucha ya kidole gumba chake cha kushoto haikuwepo. Siku ya kwanza nilimuuliza imeenda wapi. Akasema nitajua.

Nilijua baada ya wiki tatu. Bunduki ya springi ni kitu rahisi. Unaukunja mtutu kama unavunja muwa, springi inajikunja ndani, pistoni inarudi nyuma na kushikwa. Unatia punje ya risasi, ndogo kama mbegu ya mtama, unaurudisha mtutu mahali pake. Ukivuta kifyatulio, springi inaachiliwa, pistoni inasukuma hewa, hewa inasukuma punje. Hakuna baruti, hakuna gesi. Sasa ukiwa umeukunja mtutu, halafu ukauachilia mkono uende kutafuta punje mfukoni, na kifyatulio kikawa kimechakaa, mtutu unarudi wenyewe kwa nguvu zote za ile springi. Wangu ulirudi kidole kikiwa hapo. Mzee aliniletea maji ya chumvi kwenye kikombe, akanitazama nikitumbukiza kidole, akasema mtutu uliokunjwa haupumzishwi mkono hata kama nyumba inaungua. Basi hilo ni somo la kwanza, nawapa bure. Mkono mmoja unatia punje, mwingine unashikilia mtutu.

Somo la pili lilitoka kwa mfanyabiashara mmoja wa miraa kutoka Maua. Huyo alikuja na bunduki inayotoa moshi. Bunduki ya upepo haina sababu ya kutoa moshi. Tukamuuliza anaitunza vipi, akajibu kwa fahari kwamba anaipenda sana, kila Jumapili baada ya kanisa huimiminia mafuta. Mafuta gani? Ya kupikia. Mzee alipoifungua, silinda ilinukia kama kibanda cha chipsi. Hewa ikibanwa ghafla huwa moto, na moto huo ukikuta mafuta huwaka, springi inapigwa teke na kuvunjika kabla ya wakati wake. Tone moja la mafuta ya kufaa, pale fundi anapokuonyesha, linatosha kwa miezi. Yule mtu aliondoka akisema ndiyo maana samaki walikuwa wakikimbia. Mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Lakini nilitaka kuwaeleza habari za Mama Kathure.

Mama Kathure alikuwa na kibanda cha kulenga shabaha kwenye maonyesho ya kilimo. Mnavijua vibanda hivyo: unalipa, unapewa punje tano, unalenga vifuniko vya soda vilivyoning'inia kwa uzi, ukiangusha vitatu unapewa kikombe, ukiangusha vyote unapewa thamosi. Alizunguka nacho Meru, Embu, Nyeri, kila mahali palipokuwa na shoo. Alikuwa na kibali chake, bunduki zake zilifungwa kwa minyororo kwenye meza, na jioni alizipeleka kituo cha polisi zihifadhiwe. Mume wake alikuwa ameugua mgongo, hawezi kulima. Watoto wao watatu walisoma kwa kibanda hicho.

Bunduki zake tano zilikuwa kuukuu, zimechoka, punje ikitoka unaweza kuisindikiza kwa macho. Akaja dukani kutafuta tano mpya, za bei nafuu. Mzee M'Ikiara hakuwepo, alikuwa ameenda kwenye harusi ya mpwa wake, na mimi niliachwa kaunta kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini. Nilijiona nimeiva.

Tulikuwa na aina mbili za bei rahisi. Moja ilikuwa fupi, ya mbao, nguvu yake ya kiasi, boksi lake halina maneno mengi. Nyingine ilikuwa nyeusi, ya plastiki, na boksi lake lilikuwa na namba kubwa nyekundu ya kasi ya punje, na ndani kulikuwa na darubini ya kulengea, eti zawadi. Bei zilikaribiana. Mama Kathure aliniuliza mimi ningechukua gani. Nikamwambia bila kusita: hii yenye namba kubwa, mama, na darubini juu, watu watafurahi. Akaniamini. Akachukua tano, na zile kuukuu akatuachia kama vyuma chakavu. Mzee aliporudi nikamwambia nimeuza tano. Aliuliza kwa nani, nikasema mteja tu. Kuna kitu ndani yangu kilikuwa tayari kimeanza kunong'ona, maana sikumwambia ni zipi.

Shoo ya Embu ilifunguliwa siku ya Jumatano. Alhamisi asubuhi, tulipokuwa tu tumefungua mlango, Mama Kathure aliingia dukani na zile bunduki nyeusi zimefungwa kwenye turubai, na barua ya polisi ya kuzisafirisha mkononi. Hakuketi. Alieleza akiwa amesimama.

Jumatano nzima karibu hakuna mtu aliyeangusha kifuniko. Akina mama walishindwa hata kuukunja mtutu, springi ilikuwa ngumu mno. Waliofaulu kuukunja walirushwarushwa, maana bunduki ya springi yenye nguvu nyingi hupiga teke mara mbili, nyuma halafu mbele, na zile darubini za zawadi hazikuumbwa kustahimili hilo. Kufikia saa sita zote zilikuwa zimelegea, kila moja inatazama kwake. Kisha akaja Mwalimu Ireri, mkuu wa shule moja ya msingi, na wanafunzi wake wa darasa la sita nyuma yake. Alilipa mara tatu. Punje kumi na tano, vifuniko sifuri, na watoto wakicheka kwa kujificha nyuma ya mikono. Mwalimu alienda moja kwa moja kwa kamati ya maonyesho, akasema mwanamke huyu amepinda mitutu ili awaibie watu. Umati ukakusanyika. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba ndivyo walivyo hawa wa kibanda. Kamati ilimfungia, ikampa mpaka Ijumaa saa nne athibitishe kwamba bunduki zake ni za haki, la sivyo aondoke na habari zake zitumwe kwenye maonyesho mengine yote.

Mzee M'Ikiara alikuwa ndani, anapanga vyombo vyake. Mama Kathure aliniangalia mimi.

"Njeru, ulinidanganya ama hukujua?"

"Sikujua, mama."

"Basi mwambie mzee wako hukujua. Mimi siwezi kukusemea."

Nawaambia ukweli, vijana, zile hatua sita kutoka kaunta mpaka meza ya nyuma sijawahi kutembea mbali namna hiyo. Nilijiona nimerudi Kanja na begi langu, baba ananiuliza nimefukuzwa kwa nini. Ningeweza kusema bunduki zilikuwa na hitilafu za kiwandani. Nilikuwa nimeshaupanga uongo huo, ulikuwa mzuri tu. Lakini yule mama alikuwa amesimama pale amenyooka, hakulia, hakutukana, na mimi nikasema yote: namba nyekundu, darubini, na kwamba nilificha.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kitu kimoja tu, zile kuukuu ziko wapi.

Zilikuwa nyuma ya gunia la mabuti. Akazilaza mezani, zote tano, akaniambia niketi. Kisha akanifundisha kwa siku moja kile ambacho alikuwa hajapata nafasi ya kunifundisha kwa mwaka na nusu, na hiki ndicho mnachopaswa kukiandika.

Shika mtutu ukiwa umefungwa, utikise kushoto na kulia. Ukicheza, bunduki hiyo haitapiga mahali pamoja hata siku moja, iache dukani, labda kama bolti ya bawaba inaweza kukazwa. Za kwetu tatu zilikazika, mbili alizitia washa, zile pete nyembamba za chuma. Angalia skrubu za kitako, maana mitetemo huzilegeza, na watu wengi huuza bunduki nzuri kwa hasira kumbe ni skrubu tu. Chukua kipande cha karatasi laini ya chooni, kiweke pale mtutu unapokutana na silinda, upige. Karatasi ikiruka, hewa inavuja hapo. Zote tano ziliirusha kama vipepeo. Nikatumwa kwa duka la mabomba nikanunue vimpira vya mfereji, na vilitosha kabisa kuziba hapo.

Kilichobaki kilikuwa pistoni. Bunduki hizo za zamani zina kikombe cha ngozi mbele ya pistoni, cha kuzuia hewa isipite pembeni. Ngozi zote zilikuwa zimekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Tulihitaji ngozi nene, na duka la ngozi lilikuwa limefungwa, mwenyewe ameenda kwenye hiyo hiyo shoo. Mzee aliinama akajitazama, akafungua mkanda wake wa suruali, akaukata vipande vitano. Aliviloweka kwenye mafuta ya uvuguvugu, akaviumba kwa kutumia soketi ya spana. Suruali akaifunga kwa kamba ya katani. Mama Kathure, ambaye hakuwa amecheka tangu jana yake, aligeuka akatazama ukuta, mabega yakimtikisika.

Alasiri tulizijaribu kule nyuma, kwenye ukuta wa magunia ya mchanga. Hatukuwa na mashine ya kupima kasi. Mzee alitumia mche wa sabuni. Unapiga punje kwenye sabuni kutoka hatua chache, unachoma njiti ya kiberiti kwenye tundu, unaona imezama kiasi gani. Kwa zote tano njiti ilizama karibu sawa, si sana. Nikasema zina nguvu kidogo. Akaniuliza kifuniko cha soda kinahitaji nguvu gani ili kianguke. Akaniambia nijaribu moja ya zile nyeusi, ikazamisha njiti nzima, halafu akanitaka nipige punje tano na ile nyeusi kwenye karatasi, na tano na ile kuukuu. Za nyeusi zilitapakaa kama kuku waliofukuzwa. Za kuukuu ningezifunika zote kwa kifuniko kimoja.

Hapo ndipo nilipoelewa rahisi ni nini. Pesa zako katika bunduki ya bei nafuu zinaweza kununua nguvu, ama zinaweza kununua chuma kilichonyooka na kifyatulio laini. Vyote havitoshi humo. Aliyeandika namba kubwa kwenye boksi amekuambia mwenyewe pesa zako zilienda wapi.

Jambo la mwisho lilikuwa punje. Mzee alitoa makopo matatu tofauti, akaijaribu kila bunduki na kila kopo. Mbili zilipenda zile za kichwa bapa, tatu zilipenda za kichwa cha mviringo. Hakuna anayejua kwa nini. Alifunga utepe wa rangi kwenye kila bunduki na kwenye kopo lake, zisichanganywe. Kwa hiyo mkishanunua, msishikilie kopo moja mkalaumu bunduki.

Ijumaa tuliondoka Meru mapema na gari la duka, sisi watatu, tukapita Chuka na zile kona za Thuchi, barua ya polisi kwenye dashibodi. Saa nne kamili tulikuwa kwenye kibanda. Mwenyekiti wa kamati alikuja na watu wake wawili. Umati ulikuwa umeshajaa, maana habari ya mwizi kujitetea huenea kuliko habari ya ng'ombe bora. Mzee M'Ikiara alisema ataonyesha. Mwenyekiti akakataa, akasema fundi anaweza kuwa na ujanja wake, apige aliyeshtaki. Wakamwita Mwalimu Ireri.

Mwalimu alikuja amenuna, na wale wanafunzi wake tena. Alichagua bunduki mwenyewe, ya tatu kutoka kushoto. Akapiga, akakosa. Akapiga tena, akakosa. Watu wakaanza kuguna, na mwenyekiti akafungua daftari lake. Nilimtazama Mzee, nikiamini ataingilia. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilipoangalia mikono ya mwalimu nikaona vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe. Alikuwa ameibana bunduki begani kama mtu anayemzuia mbuzi asikimbie. Na bunduki ya springi haitaki hivyo. Punje ikiwa bado iko ndani ya mtutu, bunduki imeshaanza kuruka, na ukiibana inaruka kwa upande tofauti kila mara kulingana na unavyoibana. Ukiiacha iruke yenyewe, inaruka vilevile kila mara, na punje inaenda pale pale. Nilijua hayo, niliyajua tangu jana yake saa kumi, tulipokuwa tukizijaribu.

Nikasogea. Nikamwomba mwenyekiti ruhusa ya kusema neno, akaitikia kwa kichwa.

"Mwalimu, samahani. Usiishike. Fungua viganja, ilale tu juu yavyo. Ikitaka kuruka, iache iruke."

Aliniangalia kama vile mimi ni mwanafunzi aliyemsahihisha mbele ya darasa. Lakini alikuwa mwalimu, na mwalimu wa kweli hujua maelezo mazuri yanapofika. Alilegeza mikono. Akavuta pumzi, akaitoa. Kwa punje ya tatu kifuniko kikaanguka. Watoto wakasogea karibu. Kwa ya nne kingine kikaanguka. Sasa nilisikia tu spika ya mbali inayotangaza mbegu za mahindi. Punje ya tano ilipita pembeni kidogo, uzi ukatikisika tu.

Mwenyekiti akauliza mwalimu anasemaje.

Mwalimu Ireri aliilaza bunduki mezani taratibu. Angeweza kusema viwili kati ya vitano si kitu. Nilikuwa nimeshaanza kusikia akisema hivyo.

"Hiyo ya tano ilikuwa mimi," akasema. "Bunduki haina makosa."

Kisha akamgeukia Mama Kathure, mbele ya wanafunzi wake na mbele ya watu wote, akasema juzi alimwita mwizi kwa sauti, kwa hiyo anamwomba msamaha kwa sauti. Mama Kathure akamjibu kwamba bunduki za juzi zilikuwa mbaya kweli, alikuwa na haki ya kulalamika, ila si ya kumwita mwizi. Wakapeana mikono. Mwalimu akalipa tena, akapanga darasa lake mstari, na akawa anamwambia kila mtoto anayefika mezani afungue viganja. Msichana mmoja mdogo aliangusha vitano vyote, akaondoka na thamosi ameikumbatia.

Zile bunduki nyeusi hatukuzitupa. Mzee alizitoa darubini, akazitia springi laini zaidi, na mbili kati yake zikawa nzuri za kutosha kuingia kibandani mwaka uliofuata. Mama Kathure aliendelea na shoo mpaka mtoto wake wa mwisho alipomaliza chuo cha ualimu. Mimi nilikuwa nikimtengenezea kila Januari, na kila Januari aliniuliza kama nimeshajua.

Jumamosi ya wiki ijayo nitakuwa Meru, nikiwa na afya. Msinunue kitu kabla. Tutaenda pamoja na mwalimu wenu na karatasi za kibali, maana hata bila baruti sheria yetu inaihesabu ya upepo kuwa bunduki kamili, na hakuna bei nafuu inayofaa kulala korokoroni. Mtashika, mtatikisa, mtapiga kwenye karatasi. Mimi nitasimama pembeni. Mtachagua wenyewe, na mkichagua vibaya tutarekebisha.

Siku ile tukirudi kutoka Embu tulikuwa tumeshapita Chuka. Nilikuwa nangojea hukumu yangu. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia baba. Mzee M'Ikiara alikuwa ametazama nje, kwenye mashamba ya ndizi, na kamba yake ya katani kiunoni. Hatimaye nikashindwa, nikamuuliza kesho nije kazini ama nisije.

Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta spana ya saizi sawa.

"Njoo mapema," akasema. "Kesho kaunta ni yako."